Koti Lililosafiri Peke Yake

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Niliisoma mara ya kwanza kwenye ngazi, mara ya pili jikoni nikisubiri wenzangu wamalize kupika. Naona siku hizi herufi zako zimenenepa, na mistari inateremka kulia kama iko mlimani. Unaandika gari likitembea? Mama anajua?

Nina habari. Mwisho wa mwezi huu sisi wanafunzi wa kutoka nje tumepangiwa safari ya Jumamosi na Jumapili. Tutapita miji mitatu: wa kwanza una madaraja, wa pili una viwanda vya vioo, na huko ndiko tutakakolala, wa tatu uko kando ya ziwa. Mpangaji ni mwenzetu mmoja ambaye hatukumchagua, lakini sote tunamwita Mwenyekiti, maana hata chai hainyweki mpaka atangaze. Alipouliza nani atahesabu watu kila tunapopanda basi, nikanyoosha mkono. Nikasema baba yangu ni dereva wa mabasi ya masafa marefu na hajawahi kumwacha abiria hata mmoja. Wakapiga makofi.

Sasa naogopa. Nifundishe, baba. Utotoni nilikaa mlangoni mwa basi lako nikipokea tiketi, lakini kuhesabu ulihesabu wewe.

Msalimie mama. Mwambie mtihani wa kemia nimepita, ingawa si kwa fahari.

Kondakta wako

14 Machi

Kondakta wangu,

Marahaba. Naandika nikiwa stendi, injini inanguruma na meza yangu ni goti. Ndiyo sababu ya mistari kuteremka. Usimwambie mama yako Mwalimu, atanipa sifuri.

Sikiliza. Usihesabu vichwa. Vichwa vinainama kutafuta viatu, vinasinzia, vinahamia nyuma kupiga soga. Hesabu viti vitupu. Kabla ya kuondoka mara ya kwanza, angalia viti gani havina mtu, uvikariri. Kila mmoja arudi kwenye kiti chake kila mnaposimama, hata akinuna. Halafu usipite katikati ya viti kama mkaguzi wa tiketi, watu watakuchoka. Simama mlangoni, tazama mara moja. Ukiona kiti kitupu ambacho hukukikariri, kuna mtu hajarudi. Basi. Hiyo ndiyo elimu yangu yote, na wewe umeipata bila ada.

Jana nilipandisha ule mlima wa kiwanda cha matofali. Asubuhi njema, hewa safi, niliiona barabara yote hadi bondeni, na ng'ombe waliokuwa wakivuka nikawaona kabla hawajaamua kuvuka. Abiria mmoja akaniambia nina macho ya mwewe.

Dereva wenu ni nani? Mtazame mikono, usimtazame uso. Akibana usukani kama anaogopa utaibiwa, shuka.

Baba yako

15 Machi

Mwanangu,

Barua hii naiandikia shuleni, darasa la tano wanafanya jaribio la hesabu na hakuna anayenitazama. Nitaituma peke yake. Ukijibu, jibu kwa anwani ya shule.

Baba yako hajaendesha basi tangu Novemba. Jana hakuwa stendi. Alikuwa mezani kwetu, ameweka rula yangu chini ya kila mstari. Pale aliposahau kuisogeza rula, ndipo mistari ilipoteremka. Ule mlima wa matofali na wale ng'ombe ni wa miaka iliyopita.

Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alianza kwa kulalamikia taa za magari yanayokuja, kisha vumbi la kioo, kisha mimi kwamba napunguza mwanga wa taa sebuleni. Siku aliyopita kituo bila kukiona, alirudisha gari mwenyewe, akampa mwenye kampuni funguo na kusema anahitaji kupumzika mgongo. Hadi leo pale stendi wanamuulizia mgongo.

Daktari anasema ni upasuaji mdogo. Jicho moja kwanza, la pili baadaye. Ila wanaofanya kazi hiyo wako hospitali ya mji ule wa mwisho wa njia yake. Nafasi tumepewa Mei. Ikipita, hatujui tutapata lini tena, na daktari hataki ichelewe. Mimi nikafurahi, yeye akakataa, nikadhani kinachomtisha ni kisu. Kumbe ni kiti cha abiria. Alinijibu: "Siwezi kupitishwa kwenye barabara yangu kama gunia."

Aliniapisha nisikwambie, nikaapa. Sasa nimevunja kiapo na sijisikii vibaya. Barua zako mimi ndiye ninayemsomea. Anadai miwani ameisahau ndani ya basi. Miwani iko kwenye kabati la vikombe. Tunaipita kila siku, kila mmoja akijifanya haioni, na mmoja wetu hajifanyi.

Usimbembeleze. Ukimbembeleza atazima redio na kwenda kulala, unamjua. Tafuta njia nyingine, wewe ndiye unayemweza.

Mama yako

24 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nzima mfukoni. Nilikwenda nayo maabara, nikaunguza dawa, mwalimu akaniuliza kama naumwa.

Nimezipanga kitandani barua zote za baba za tangu Novemba. Amenipandisha mlima ule mara nyingi, na kila mara hewa ni safi. Hakuna mvua hata siku moja. Nilikuwa nasoma na kufurahi kwamba mwaka huu amepata njia nzuri.

Sijui nitamwambia nini. Nikimwambia najua, atakukasirikia wewe. Nikinyamaza, Mei itapita. Kwa sasa nitafanya kitu kimoja tu: nitamwandikia hii safari yetu kama dereva anavyoiona, kona kwa kona, ili walau barabara moja aipate mpya. Nakuomba uisome polepole. Na tafadhali usisahihishe koma zangu kwa sauti.

Mwanao

29 Machi, Jumamosi

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka mji wa pili, kwenye hosteli yenye vitanda vya ghorofa. Nimepewa cha juu; dari liko karibu na pua.

Dereva wetu ni mwanamke, makamo ya mama, mfupi, anakalia mto ili aone juu ya usukani. Nilimtazama mikono kama ulivyosema. Anaushika usukani kama anashika sinia la mayai. Kabla ya kuondoka alizunguka gari na kuyapiga matairi kwa kiganja, moja moja, kama wewe. Nikamwambia baba yangu hufanya hivyo. Akaniuliza ni dereva wa nini. Nikamwambia. Tangu hapo ananiita mwenzangu.

Barabara: lami nzuri, nyembamba, inatoka mjini ikiteremka taratibu. Kisha inaanza kupanda bila kukuonya, kona ya kushoto, ya kulia, ya kushoto tena, na hiyo ya mwisho imefungwa na ukuta wa mawe, huoni anayekuja. Alishusha gia mapema, kabla ya ukuta, siyo kwenye ukuta. Ungefurahi. Upande wa pili ni bonde na mto, na madaraja matano yamefuatana kama vidole. Tulishuka kuyaona. Mwenyekiti alihutubia kwenye kila daraja.

Viti vitupu vyetu ni vitatu: kimoja nyuma ya dereva, viwili katikati kushoto. Nimevikariri kama sala. Nasimama mlangoni, natazama mara moja, nampa dereva ishara. Wenzangu wamestaajabu, wao walitarajia nipite nikiwagusa vichwa. Leo hatukumwacha mtu. Elimu yako inafanya kazi hata ugenini.

Kondakta wako

30 Machi, Jumapili

Baba,

Shikamoo. Jana nilijisifu. Leo nimemwacha mtu.

Kuna mwenzetu tunamwita Kimya. Anasomea uchoraji wa ramani, anakaa kiti cha nyuma kabisa dirishani, na ukimsemesha ukiwa nyuma yake hajibu. Tulikuwa tunasema ana maringo. Leo tulifika ziwani mchana, tukapewa muda wa kuzunguka. Muda ulipoisha dereva akapiga honi, watu wakapanda. Nilisimama mlangoni, nikatazama. Viti vitupu vitatu, vile vile. Kiti cha nyuma Kimya alikuwa kaegemea dirisha, kofia ya koti imemfunika, amelala. Nikatoa ishara, tukaondoka.

Tulikuwa tumeshaliacha ziwa nyuma na kuingia barabara kuu nilipoanza kugawa biskuti. Kila mtu akachukua. Nilipofika nyuma nikamwambia Kimya achukue. Hakuchukua. Nikasema moyoni, leo na maringo yako utanitambua, nikamgusa bega. Bega likaporomoka. Lilikuwa koti, baba. Alilisimamisha juu ya begi lake ili lisikunjamane, akashuka bila koti kwa sababu jua lilikuwa limetoka. Nilikuwa nalibembeleza koti likubali biskuti.

Nilitembea hadi mbele, nikamwambia dereva taratibu. Hakuniuliza lolote. Alitafuta mahali papana, akageuza, akarudi mwendo ule ule, hakuongeza. Aliniambia tu: "Mwenzangu, simama pale mlangoni akuone wewe kwanza."

Kimya alikuwa amekaa juu ya ukuta wa ziwa, anakula tufaha. Basi zima lilimgombeza, Mwenyekiti akatoa hotuba kuhusu nidhamu. Kimya alitabasamu tu, na mimi ndipo hasira zikanipanda. Nikakaa kando yake, nikamuuliza kama honi hakuisikia. Akanigeuzia uso, akanitazama midomo, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akagusa masikio yake. La kushoto halisikii kabisa, la kulia husikia kidogo kukiwa kimya. Ana kifaa cha kuvaa, kiko ndani ya sanduku chumbani kwake, hajakivaa tangu afike.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kuwa msafiri kama wengine."

"Sasa umekuwa msafiri gani? Wewe umebaki ukutani, koti ndilo limesafiri."

Akacheka mpaka akapaliwa na tufaha. Nami nikacheka, kisha nikalia kidogo, akadhani ni kwa ajili yake.

Baba, sikumkasirikia kwa sababu hasikii. Angeniambia asubuhi, ningekwenda nikamshika mkono kwenye duka alimokuwa anachagua kadi za posta honi ilipopigwa, ng'ambo tu ya barabara. Kilichonikasirisha ni kwamba alinifanya nisimame mlangoni nikihesabu koti, nikifurahi, nikidhani ni mtu.

Mama akisoma mpaka hapa apumzike, anywe maji.

Sasa tumerudi. Nimechoka. Nimekukumbuka kuliko siku zote tangu nije huku.

Kondakta wako

12 Aprili

Mwanangu,

Barua zako mbili zimefika siku moja. Niliisoma ya Jumamosi polepole kama ulivyoniomba. Pale kwenye kona tatu mguu wa baba yako ulikuwa unakanyaga chini ya meza. Kwenye ukuta wa mawe aliinua mkono nisimame, akafikiri, akasema, "Ndiyo. Mapema." Nikaendelea. Alitaka kujua huo mto wa dereva ni wa sponji au wa pamba.

Ya Jumapili ilikwenda vizuri mpaka kwenye biskuti. Alicheka, akanipigapiga bega akisema chukua, chukua. Kisha ukafika pale kwa kuhesabu koti. Akaacha kucheka. Na mwanangu, uliandika mama akisoma mpaka hapa anywe maji. Sijui ulisahau au ulikusudia. Nilitaka kuuruka mstari huo. Nimefundisha kusoma maisha yangu yote, sijawahi kuruka mstari. Nikausoma.

Akasema, "Kumbe anajua kwamba unanisomea."

Nikamwambia watu wengi husomewa barua.

"Mwalimu, mimi si darasa la tano."

Akainuka, akaenda kabatini, akachukua miwani kati ya vikombe moja kwa moja, bila kupapasa. Alijua ilipo siku zote. Akaivaa, akaishika barua yako karibu na pua, akaigeuza huku na huku, akanirudishia. Akaniomba nianze tena tangu kwenye ukuta wa ziwa. Tangu siku hiyo hajaniambia kitu juu ya hospitali, lakini redio hakuizima.

Halafu, huyo Kimya umemtaja mara nyingi kuliko ziwa. Wazazi wake wako hai?

Mama yako

16 Aprili

Kondakta wangu,

Marahaba. Mwalimu ndiye anayeandika, mimi nasema. Nimemkataza kurembesha.

Kwanza kazi, mengine baadaye. Kosa si lako, ni la elimu yangu. Huku kwetu mtu akishuka basini hushuka na kila alicho nacho, hata ganda la chungwa, maana akiacha koti atakuta limeshuka na mwingine. Miaka yote hiyo sijawahi kuona koti lililokaa kitini likimngoja mwenyewe. Ningeona, ningekufundisha. Kuanzia sasa, kondakta anapita hadi nyuma na kugusa. Nimewaambia hivyo hata pale stendi. Wamecheka sana habari ya biskuti.

Ndiyo, nilikwenda stendi. Nilikwenda kuwaambia sina mgongo, nina macho. Wakasema walishajua, maana mtu mwenye mgongo hasalimii mti. Sikumbuki kusalimia mti, lakini sibishi.

Ule mlima sikuupanda Machi. Ng'ombe hawakuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa koti, na wewe ulinihesabu vizuri, ukampa dereva ishara. Mwalimu ananiambia niseme samahani. Nimesema.

Nitakwenda Mei. Lakini nina masharti, na Mwalimu ayaandike yote. Nikae kiti cha dirishani, mbele, nisikie gia. Asije mtu stendi kuniaga. Mwalimu asinishike mkono mbele ya madereva. Akitaka kushika mkono ashike nyumbani, muda upo. Na dereva akikosea kona ya matofali niruhusiwe kusema.

Mto wa dereva wenu: muulize ni wa sponji au pamba.

Baba yako

(Sharti la tatu sijalikubali. Mama)

3 Mei

Baba,

Shikamoo. Pamba. Alikataa sponji kwa sababu inabonyea upande mmoja kwenye kona ndefu. Anakusalimu kama mwenzake, na anasema siku ya kwanza alipokaa kama abiria baada ya kupasuliwa goti, alikanyaga breki zisizokuwepo mpaka akashikwa na misuli. Ujiandae.

Kimya ameanza kuvaa kile kifaa. Siku ya kwanza alituomba wote tupunguze kelele, akasema hakujua Mwenyekiti anapiga kelele kiasi hicho. Darasani amehamia mbele. Mwambie mama wazazi wake wote wawili wako hai, na nimemjibu kwa sababu ameuliza, siyo kwa sababu nyingine.

Sitakubembeleza, mama amenikataza. Nataka tu ukifika uniandikie barabara yenyewe, kwa siku uliyoipita kweli. Kama kuna ukungu, andika ukungu.

Kondakta wako

19 Mei

Kondakta wangu,

Marahaba. Hii naandika kwa mkono wangu, Mwalimu kalala begani kwangu. Tunarudi nyumbani. Wamelifanya jicho la kulia, wamelifunika, wamelifunua. La kushoto ni baadaye. Habari ya usukani daktari hasemi ndiyo wala hapana, na mimi sijamuuliza mara mbili.

Uliomba barabara. Siku ya kwenda nilikaa dirishani. Stendi walikuja wote, sharti la pili likafa pale pale. La tatu lilikufa kwenye ngazi za basi. Dereva ni yule aliyekuwa kondakta wangu kabla hajapata leseni. Mlima wa matofali ulikuwa na ukungu, sikuona kitu, lakini nilimsikia akishusha gia mapema, nikanyamaza. Mwenzangu wa mto wa pamba alisema kweli juu ya misuli.

Tuliposimama katikati ya njia Mwalimu alikwenda kununua maji. Mimi nikateremka kuyapiga matairi, mazoea. Niliacha kofia yangu kitini, nione kama wanafunzi wangu wamefaulu. Nilikuwa kwenye tairi la nyuma, upande usioonekana, injini ikawashwa. Sikusema kitu. Kondakta alipita hadi kwenye kiti changu, nikamsikia kupitia dirishani akimwambia dereva: "Ngoja. Kofia ipo, mzee hayupo." Dereva akazima injini, akashuka, akanikuta nimeshika tairi. Akanishika mkono. Sikumkatalia.

Leo anga ni safi kweli. Kiwanda cha matofali kimepakwa rangi ya kijani, hakuna aliyeniambia. Bondeni kuna ng'ombe wawili na mmoja mdogo. Mwalimu ana mvi nyingi upande huu wa kulia, nazo hakuna aliyeniambia. Zimempendeza.

Mistari ikiteremka usihangaike, kondakta. Safari hii ni gari linatembea.

Baba yako, kiti cha dirishani